Upele wa Mbuzi na Mbwa: Angalia Dawa Unayompaka Mtoto

Msomaji, ukipita Bisil, kwenye barabara iendayo Namanga, si ajabu kuona mbuzi wakipakiwa magarini kupelekwa Kitengela au Nairobi. Wengi ni wazima. Lakini ukinunua mmoja wa kufuga nyuma ya nyumba, mkague masikio, mdomo na sehemu za kuzunguka macho kabla hujatoa pesa. Ngozi iliyonyonyoka manyoya na kuwa nene yenye magamba, na mnyama asiyeacha kujisugua ukutani, huenda ni upele.

Ugonjwa huu huletwa na utitiri, kidudu kisichozidi nusu milimita. Jike huchimba ndani ya ngozi na kutaga humo mayai 2 au 3 kila siku. Kwa mbwa, dalili huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo.

Je, binadamu huambukizwa? Ndiyo, ila kwa namna yake. Utitiri wa mnyama humwasha mtu, lakini hauwezi kuzaana katika ngozi yake. Mwasho huanza upesi, pengine siku ileile mtoto alipombeba mbuzi, na vipele hutokea mikononi, kifuani na tumboni, pale mnyama alipogusa. Mnyama akitibiwa, vipele huisha vyenyewe baada ya wiki chache. Upele wa watu ni mwingine. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huchelewa hata wiki 4 hadi 6, huzidi usiku, na hupenda katikati ya vidole. Huo hauishi wenyewe, na nyumba nzima hutibiwa siku moja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtoto anajikuna, mzazi anachukua dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe na kumpaka. Hiyo ni sumu! Hupenya ngozini, na mtoto huweza kulegea, kutapika na hata kupoteza fahamu. Ivamektini ya mifugo nayo si ya watu. Iko ya binadamu, ambayo daktari huipima kwa uzito wa mgonjwa. Mara nyingi mgonjwa hupewa krimu ya pamethrini ya asilimia 5 au benzili benzoeti ya kupaka.

Mbwa naye asipakwe oili chafu ya gari. Huilamba, na inamdhuru. Mwite daktari wa mifugo, umweleze kama mbuzi anakamuliwa, kwa kuwa ivamektini hutoka kwenye maziwa kwa siku nyingi. Mweleze pia kama una paka, maana pamethrini kali ya mbwa huua paka.

Mnyama mgeni mtenge na wengine kwa wiki chache. Blanketi na nguo zioshwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Na ukimpeleka zahanati mtoto anayejikuna, mtaje na yule mbuzi. Pengine daktari hatauliza.