Mfalme Munza bado anacheza, lakini mbali na Congo

MAVIVI – Barabara ya taifa namba 4 inapita hapa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, ikielekea Oicha, Eringeti na Komanda. Ukiifuata hadi Niania kisha ukakata kaskazini, unafika Isiro, kwa Wamangbetu. Huko ndiko ilitoka picha ambayo wakusanyaji wa vitu vya kale Ulaya na Marekani wanaipenda: mfalme Munza akicheza mbele ya wake zake.

Mwaka 1870 Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Khartoum, alifika kwa Munza. Alikuta ukumbi mkubwa, wake wa mfalme wamekaa kwenye viti vidogo, ngoma na baragumu zinalia, naye mfalme amevaa manyoya na mikia ya wanyama. Leo tungesema ni teatri kamili. Schweinfurth alichora. Mafundi wa Ulaya wakachonga mchoro juu ya ubao mgumu, wakaupaka wino na kupiga chapa. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani huko Leipzig mwaka 1874. Fundi alitazama mchoro tu, si Munza.

Munza aliuawa miaka michache baada ya ziara hiyo. Picha yake ikabaki sokoni. Wauzaji hukata kurasa za vitabu vya namna hii, wengine huzitia rangi, wakaziuza moja moja. Mnunuzi anatundika mfalme ukutani. Maelezo ya nani alicheza na wapi yanabaki kwenye kitabu kilichochanwa. Huo ndio wizi mkubwa zaidi, kwa maoni yetu. Ukiletewa karatasi kama hiyo, itazame kwa kioo cha kukuza: ukiona nukta ndogondogo, ni kopi ya juzi.

Katika tarafa ya Beni, ambako familia zimekimbia na nyumba kuchomwa, wakaaji wanajua kupoteza picha ni nini. Lakini kitabu hiki hakina tena haki ya mwandishi, na nakala yake nzima inapatikana bure kwenye Internet Archive. Faili ni nzito kwa mega za mwalimu, ila darasa zima linaweza kuitumia.

Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang alimpiga picha chifu Okondo, Mmangbetu pia, akicheza mbele ya wake zake. Picha hizo zimo katika jumba la makumbusho la American Museum of Natural History, New York. Ziweke kando ya Munza, ndipo utaona fundi wa Ulaya aliongeza nini.