Makapi ya miwa Kilombero yana mnunuzi tayari

Tani moja ya miwa ikishakamuliwa huacha kilo 250 hadi 300 za makapi, karibu nusu yake ikiwa maji. Kiwanda cha Sukari Kilombero, mkoani Morogoro, ambacho Illovo ina asilimia 75 na Serikali 25, kimepanuliwa ili kifikie tani 271,000 za sukari kwa mwaka. Sukari huwa kama sehemu moja ya kumi ya muwa, kwa hiyo hesabu ya harakaharaka inatupa zaidi ya tani 600,000 za makapi kila mwaka pale Kidatu, kilipo kiwanda hicho, peke yake, kabla hujagusa Mtibwa kule Turiani wala Mkulazi kule Mbigiri, Kilosa, kiwanda cha NSSF na Jeshi la Magereza.

Rundo la namna hiyo humtia tamaa kila anayefikiria nishati. Ndani ya makapi mna selulosi, na selulosi ni glukosi iliyofungamana. Ikifunguliwa, hamira huigeuza kuwa ethanoli, na tani moja ya makapi makavu inaweza kutoa lita 250 au zaidi. Kazi ya kufungua ndiyo ya kuvu. Inayotumika zaidi viwandani, Trichoderma reesei, ilipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ikiozesha mahema na turubai za jeshi la Marekani. Jeshi lilitaka kuikomesha. Elwyn Reese na Mary Mandels, watafiti wa maabara ya jeshi hilohilo huko Natick, Massachusetts, waliona kwamba vimeng'enya vinavyokula turubai vinaweza pia kutengeneza sukari kutoka kwenye mabua na karatasi chakavu.

Kimaabara jambo hilo halina ubishi. Shida imekuwa kwenye daftari la mhasibu. Lazima makapi yapikwe kwanza kwa mvuke mkali ili lignini inayoifunika selulosi ilegee, vimeng'enya hununuliwa kwa bei ya juu, na sehemu ya sukari inayotoka ni zailosi, ambayo hamira ya kawaida haiigusi. Kiwanda cha Crescentino, Italia, kilifunguliwa 2013 na kufungwa 2017. DuPont walifungua chao Nevada, Iowa, mwaka 2015, nao wakaachia 2017. Clariant walifunga kiwanda chao cha Podari, Romania, mwaka 2023, muda mfupi tu baada ya kukizindua. Aliyevumilia zaidi ni Raízen wa Brazili, na sababu yake inapaswa kusomwa kwa makini Morogoro: mtambo wake wa Piracicaba ulijengwa ubavuni mwa kiwanda cha sukari, kwa hiyo makapi hayakuhitaji kusafirishwa.

Kilombero nako makapi yako pale pale. Ila hayakai bure. Yanaingia kwenye boila, yanatoa mvuke wa kupikia sukari na umeme wa kuendeshea mitambo. Anayetaka kuyapeleka kwa kuvu lazima kwanza amlipe mwenye boila thamani ya moto anaouchukua, kisha atafute kuni nyingine za kuuziba mwanya huo. Wanaoyaita taka kwenye maandiko ya miradi sijui kama wamewahi kumuuliza meneja wa boila.

Tena ethanoli yenyewe tayari inatengenezwa hapo, kwa njia rahisi zaidi. Tangu 2013 Kilombero ina kiwanda cha spiriti chenye uwezo wa lita milioni 12 kwa mwaka, kinachotumia molasi. Molasi haihitaji kuvu: sukari imo tayari, hamira inaanza kazi siku hiyohiyo. Spiriti hiyo safi ni malighafi ya pombe kali, na mnywaji hulipa vizuri kuliko mpishi wa jiko la ethanoli. Kwa mtazamo wangu, mpaka molasi ya mkoa mzima ipate bei nzuri kwenye jiko, hakuna haja ya kugusa selulosi.

Mahali ambapo kuvu ina nafasi ya kweli ni kwenye mkonge. Jani la mkonge hutoa nyuzi asilimia 2 hadi 4 tu. Linalobaki ni maji na nyama ya jani inayooza nje ya korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, na kuchafua mito. Hakuna boila inayoigombania. Mwaka 2008 Katani Ltd ilizindua mtambo wa gesi na umeme kutokana na mabaki hayo huko Hale, Tanga. Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafiti akiwamo Amelia Kivaisi na Anthony Mshandete walionyesha kwamba mabaki ya mkonge yakitanguliwa na kuvu kabla ya kuingia kwenye mtambo, gesi huongezeka. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Morogoro yangeweza kuanzia hapo, tena kwa faida ya pili: mabaki hayo huotesha uyoga aina ya mamama, ambao una soko lake mjini, na yanayobaki baada ya mavuno bado hutoa gesi.

Msukumo wa kutafuta nishati mbadala upo. Misitu ya Uluguru ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, na mkaa bado unashuka kwenye magunia kando ya barabara kuu. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034.

Kwa hiyo mwekezaji wa ethanoli ya jiko atakayefika Kidatu atakuta vikao vitatu vinamsubiri. Cha kwanza na mwenye boila. Cha pili na wakulima wa nje, ambao hulipwa kwa uzito wa muwa na kiwango chake cha sukari, na watataka makapi nayo yatajwe kwenye mkataba. Cha tatu na TRA, kwa sababu spiriti ya kunywa na spiriti ya jiko hutoka kwenye bomba moja, na afisa wa ushuru atataka kuona ya jiko imetiwa rangi na uchungu kabla haijatoka getini.