Je, Wajua? Nyasi bandia na nyasi hai za Ufipa

Uwanda wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya nyasi. Mkazi wa Sumbawanga, mji ulio juu ya uwanda huu, anayetaka kutandika kapeti la nyasi bandia nyumbani kwake anastahili kujua ni wapi litamfaa kweli, na ni wapi litamfanya afukie mali aliyokuwa nayo tayari.

Je, wajua kuwa nyasi bandia zilipata umaarufu chini ya paa?
Mwaka 1965 jiji la Houston, Marekani, lilifungua Astrodome, uwanja mkubwa wa besiboli wenye paa la kupitisha mwanga. Mng'ao wa paa uliwafanya wachezaji wapoteze mpira hewani, likapakwa rangi, na nyasi zilizokuwa chini yake zikafa kwa kukosa jua. Mwaka 1966 pakatandikwa zulia la nailoni lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, likaja kujulikana duniani kwa jina la AstroTurf. Kazi inayozifaa zaidi nyasi hizi imebaki ileile hadi leo: kufunika mahali ambapo nyasi hai haziwezi kuishi.

Je, wajua kwa nini zinafaa juu ya slabu?
Sababu ni uzito. Udongo wenye kina cha sentimita 15 ukilowa maji unaweza kufikia kilo 250 kwa kila mita moja ya mraba, na slabu ambayo haikujengwa kwa mzigo huo inaweza kupasuka. Nyasi bandia za mita hiyohiyo huwa na kilo 2 au 3 tu, na ukizinyunyizia mchanga wa kuzishikilia bado ni mzigo mdogo. Nyumba nyingi za Sumbawanga zimeezekwa kwa mabati, kwa hiyo bustani ya juu ya paa ni jambo la ghorofa na hoteli. Hata hivyo hoja hii inahusu pia baraza, ngazi na ua uliokwisha kumwagwa zege. La kuzingatia ni mteremko na matundu ya kutolea maji. Maji yakituama chini ya kapeti, pataota ukungu na kunuka.

Je, wajua bustani ndogo hunywa madumu mangapi?
Mkoa wa Rukwa hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi hushika hadi Oktoba. Ukitaka nyasi hai zibaki kijani kibichi muda huo wote, kadiria lita 4 kwa mita ya mraba kila siku. Eneo la mita za mraba 50 litahitaji lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20, kila siku. Nyasi bandia huhitaji ufagio na kusuuzwa mara mojamoja. Kwa familia inayonunua maji au kuyabeba kichwani, hiyo ni nafuu kubwa. Njia nyingine isiyo na gharama ni kuacha ukoka ujiendee wenyewe. Kiangazi utakauka juu, lakini mizizi itabaki hai na mvua za kwanza zitauamsha.

Je, wajua jua la Sumbawanga ni kali kuliko la Dar es Salaam?
Hewa ni ya baridi, lakini mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000. Miale hiyo ndiyo adui wa plastiki. Chukua unyasi wa kapeti lililochakaa, usugue kati ya vidole: unakatika vipandevipande na kukuachia unga wa kijani mikononi. Unga huo huchukuliwa na upepo na maji hadi mifereji na mito. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama nyuzi zake zina kinga ya jua, na akupe dhamana ya miaka kwa maandishi.

Je, wajua zinaweza kuunguza miguu?
Nyasi hai hujipoza kwa kutoa mvuke, lakini plastiki haina uwezo huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwahi kupima nyasi bandia za uwanjani zikafikia nyuzi 93 za Selsiasi siku ambayo joto la hewa lilikuwa karibu nyuzi 37. Kama watoto wanacheza peku, tandika kwenye kivuli, na gusa kwa kiganja kabla ya kuwaruhusu saa za mchana.

Je, wajua si lazima kuweka punje za mpira?
Tanzania imezoea nyasi bandia kupitia soka, katika viwanja kama Karume jijini Dar es Salaam, Nyamagana jijini Mwanza na Kaitaba mjini Bukoba. Viwanja vya aina hiyo mara nyingi humwagiwa punje ndogo za mpira. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba uuzaji wa punje hizo ukome ifikapo Oktoba 2031, kwa sababu zinasambaza plastiki ardhini na majini. Nyumbani huzihitaji. Mchanga msafi unatosha.

Je, wajua Wafipa walifanya nyasi kuwa mbolea?
Uwanda huu una miti michache, kwa hiyo kilimo cha kukata matawi na kuyachoma, kama chitemene cha Wabemba wa Zambia, hakikuwa na nafasi kubwa. Wafipa walibuni ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha na udongo ungali na unyevu, mkulima hukata bonge la nyasi kwa jembe, hulipindua, na kukusanya mabonge hayo kuwa tuta la mviringo, nyasi zikiwa ndani na udongo juu. Juu yake hupandwa maharage. Nyasi huoza tumboni mwa tuta, na msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo mweusi husambazwa, kisha ulezi husiwa. Majirani zao Wamambwe wana kilimo kama hicho wanachokiita fundikila. Kwa maarifa haya, ardhi iliyochoka ililisha vijiji vikubwa vya kudumu.

Hapo ndipo penye uamuzi. Chini ya plastiki udongo haupati majani ya kuoza, na minyoo hukosa chakula. Zege lisiloota kitu lifunike kwa nyasi bandia, ufurahie kupumzika juu yake. Lakini kipande cha udongo ulichonacho Sumbawanga, hata kama ni hatua chache tu mbele ya mlango, kipandwe ukoka au maharage. Kapeti zuri litakaa miaka kumi hivi kisha litakuwa taka. Udongo unaolishwa vizuri utakuwa na rutuba zaidi mwaka hadi mwaka, na wajukuu wako wataulima.