Daktari wa Mbali Ahitaji Mkono wa Karibu

Wananchi wengi wa visiwani, hasa wazee, wamekuwa wakilalamikia miadi ya kuzungumza na daktari kwa njia ya simu. Wanaolalamika si watu wanaopinga maendeleo. Wengi wao ni wenye maradhi ya shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuyaita, ambao huambiwa wasivuke bahari, wabaki nyumbani na wangoje simu. Yafaa viongozi wayasikilize malalamiko hayo, na yafaa sisi wananchi tuyapime ili tujue lipi ni haki yetu na lipi ni uzembe wetu.

Nitaanza na lililonifika mwenyewe. Shangazi yangu anaishi katika kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, ambako mtu hafiki hospitali kubwa ila kwa chombo. Presha amekuwa nayo kwa miaka mingi. Mwaka jana alipangiwa kuzungumza na daktari kwa simu kila baada ya miezi mitatu. Siku ya miadi alikaa barazani tangu asubuhi, simu ya mjukuu wake mkononi, naye hakuthubutu hata kwenda kisimani. Simu ikalia baada ya sala ya alasiri. Daktari, kijana mwenye adabu, akasema: "Shikamoo bibi, unajionaje?" Shangazi akajibu: "Marahaba mwanangu, sijambo, alhamdulillahi." "Dawa unameza?" "Nameza." "Basi endelea na hizo hizo, bibi." Mazungumzo hayakutimia dakika tatu.

Katika maneno hayo hapana aliyesema uongo. Kwa desturi yetu mtu akiulizwa hali husema kwanza kwamba hajambo, hata kama ameamka na homa. Kisha ndipo hueleza yanayomsibu. Daktari aliyekaa naye uso kwa uso huingoja hiyo kisha. Huutazama uso, huona jinsi mtu anavyoinuka kitini, huibonyeza miguu iliyovimba. Katika simu, "sijambo" ya adabu huandikwa kuwa ni habari ya ugonjwa, na shauri likafungwa.

Wiki sita baadaye shangazi alipatwa na ganzi ya mkono na ulimi ukawa mzito. Tulimvusha kwa mashua usiku. Alipofikishwa hospitali kipimo kilionyesha 196 kwa 114, na madaktari wakatuambia kuwa ni kiharusi. Mwenyezi Mungu amemnusuru na sasa anatembea, lakini mkono wake wa kulia haushiki tena ukili, na mkeka aliouacha nusu umekunjwa pembeni mwa chumba. Sisemi kwamba simu ile ndiyo iliyomwangusha. Nasema kwamba siku ile hapana aliyejua presha yake ni ngapi: daktari hakujua, mimi sikujua, wala yeye mwenyewe hakujua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Presha ni maradhi yasiyoweza kusimuliwa, kwa sababu kwa kawaida hayaumi. Mtu huenda pwani, hulima, hucheka na wenziwe, ilhali mishipa yake inaumia kidogo kidogo mpaka moyo, figo au ubongo ukadhurika. Ndiyo sababu wataalamu walihangaika kutafuta njia ya kuyapima. Mwaka 1896 mganga wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza kipimo cha kufunga mkononi, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza namna ya kuisikiliza damu chini ya kitambaa hicho. Tangu hapo tarakimu mbili ndizo zinazosema kweli: ya juu moyo unaposukuma, ya chini moyo unapopumzika. Vipimo vinavyorudia kufika 140 kwa 90 au kuzidi huhesabiwa kuwa ni presha ya kupanda. Basi daktari asiyepewa tarakimu hizo, hata awe bingwa namna gani, anabahatisha.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuilaumu simu yenyewe. Mabingwa ni wachache, nauli ya chombo ni mzigo, na bahari ya kusi haimhurumii mzee. Isitoshe, utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliojipima nyumbani, na madaktari wao wakazitumia tarakimu hizo kurekebisha dawa, walikuwa na presha ya chini zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wale waliopimwa zahanati tu. Tofauti baina ya wagonjwa hao na shangazi yangu haikuwa bahari. Wao walikuwa na kipimo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini mtu wa mbali aweza kumwelekeza wa karibu mahali pa kupiga, ikiwa huyo wa karibu anayo fimbo.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaomba wanaohusika. Kwanza, simu yoyote ya mgonjwa wa presha itanguliwe na kipimo. Tangu Mapinduzi ya 1964 vituo vya afya vimejengwa mpaka vijijini, Unguja na Pemba. Kituo kikose mambo mengi, lakini kisikose mashine nzima ya presha, betri zake, na mtu aliyefunzwa kuitumia: mgonjwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelazwa usawa wa moyo, naye apimwe mara mbili. Pili, wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaobisha hodi majumbani kwa ajili ya mama na watoto, waweza kupewa kipimo hicho pia, kwani bibi na mjukuu hulala nyumba moja. Tatu, tarakimu ziandikwe katika kadi ya mgonjwa, na atakayempigia awe nazo mbele yake. Nne, iwekwe saa inayojulikana, si siku nzima ya kungoja. Na ambaye tarakimu zake ni mbaya, au miguu yake imevimba, aitwe hospitali bila ya kubishana. Baadhi ya dawa, kama vile amlodipini, huweza kuvimbisha miguu, na uvimbe huo hauonekani kwa sikio.

Na sisi wagonjwa na jamaa zetu hatuna budi kujisahihisha. Wako wanaoacha dawa pindi wanapojiona wazima, wakasahau kwamba uzima huo umeletwa na dawa. Wako wanaogawiana vidonge na jirani kama wanavyogawiana chumvi. Na chumvi yenyewe imetuzidi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ilhali ng'onda na papa mkavu wa siku moja waweza kuupita mpaka huo. Mwezi wa Ramadhani wengi hubadilisha saa za dawa kwa shauri lao wenyewe. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na daktari anaweza kupanga dozi ya futari na daku; basi aulizwe mapema, kabla ya mwezi kuandama. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shangazi sasa anayo mashine. Nilimnunulia mimi, na mjukuu wake wa darasa la saba ndiye anayempima asubuhi na jioni na kuandika katika daftari. Simu ilipolia mara ya mwisho mtoto alisoma tarakimu za siku saba, na daktari yule yule akabadilisha dawa papo hapo. Lakini nyumba ya pili kutoka kwake yuko bibi mwingine mwenye maradhi hayo hayo, na yeye hana mtoto wa kaka mwenye mshahara. Kwa ajili ya bibi huyo tunasema kwamba kipimo kisiachiwe bahati ya ukoo. Kiwepo kituoni, kiwe kizima, na kitumike kabla simu haijapigwa.