Mkwaju, folda na ugumu wa kufasiri ruhusa

MSOMAJI anayesomea kompyuta ameniuliza: ikiwa alama / ni mkwaju, ile inayolalia upande wa pili, \, tuiiteje? Mkwaju tunaufahamu tangu shuleni. Huonyesha ‘au’, hutumika katika tarehe na katika kumbukumbu za barua rasmi. Huyo mwingine sarufi yetu haikuwahi kumhitaji. Mimi humwita mkwaju wa kinyume, basi.

Lakini swali hilo lina mzizi mrefu. Windows huandika anwani ya faili hivi: C:\Kazi\barua.txt. Ukiweka Cygwin, programu inayoleta mazingira ya Unix ndani ya Windows, faili hiyo hiyo inakuwa /cygdrive/c/Kazi/barua.txt. Katika WSL ya Microsoft ni /mnt/c/Kazi/barua.txt. Toleo la kwanza la MS-DOS, mwaka 1981, lilikuwa limeupa mkwaju kazi ya kutanguliza vikorombwezo vya amri. Folda zilipoingia mwaka 1983, kumbe nafasi imeshachukuliwa!

Kugeuza majina haya si kazi. Amri ya cygpath huyageuza mara moja, kama mtu anayehamisha neno la Kiswahili kutoka hati ya Kiarabu hadi ya Kilatini. Neno ni lile lile.

Ruhusa ndizo ngumu. Unix hugawa watu mafungu matatu: mwenye faili, kikundi, na wengineo. Kila fungu lina herufi tatu: r ya kusoma, w ya kuandika, na x, ambayo aghalabu hufasiriwa ‘kutekeleza’. Kwa programu, sawa. Lakini ebu niambie, folda inatekelezwaje? Katika folda, x ni ruhusa ya kupita ndani ili kufikia kilichomo. Mwenye r bila x ataona orodha ya majina, ila hatafungua faili hata moja. Ndiyo maana napendekeza tuseme ‘kupita’ kwa folda na ‘kuendesha’ kwa programu. Herufi moja isitufunge kutumia neno moja.

Sasa Windows haina mafungu hayo matatu. Huweka orodha: fulani anaruhusiwa hiki, fulani amekatazwa kile. Cygwin hujitahidi kuikunja orodha hiyo iingie katika herufi tisa, na kama ilivyo kwa tafsiri yoyote, kuna kinachopotea. WSL isiporekebishwa, faili zako zilizo kwenye diski C kwa kawaida huonekana kuwa 777, yaani kila mtu ana kila ruhusa, na kuzibana kwa chmod hakuleti unachotarajia.

Hapo ndipo wanafunzi hukwama. Programu ya ssh ikikuta ufunguo wako wa siri unasomeka na wengine, huukataa katakata, na kompyuta ya mbali huingii. Unakili ufunguo huo kwenye folda yako ndani ya /home, kisha uupe 600: wewe usome na uandike, wengine wasipate chochote.