Mume Wangu Hana Kosa, Ila Mipira Inapita

"Mama Neema, hebu taja kosa langu moja tu."

Hivyo ndivyo alivyoniambia mume wangu usiku mmoja, nyumbani kwetu hapa Bronx, New York. Tuna miaka saba ya ndoa na mtoto mmoja. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Halewi, hatukani, hachelewi kurudi, na nyumba ndogo sijawahi hata kuisikia. Sasa mbona nilikuwa nimechoka vile?

Jibu, mpenzi msomaji, nililipata kwenye mchezo niliokuwa siupendi hata kidogo: besiboli.

Mume wangu anamhusudu Derek Jeter, aliyechezea Yankees misimu 20, kuanzia 1995 hadi 2014. Alikuwa shotistopu, yaani yule anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako mipira mingi ya chini hupita. Alipata Gold Glove, tuzo ya walinzi bora, mara 5. "Yule hakosei kirahisi," Baba Neema hupenda kusema.

Kazini kwetu kuna mzee mmoja, shabiki wa St. Louis Cardinals. Nilipomtajia Jeter akacheka. "Kwani binti, kosa linahesabiwaje?"

Kosa ni la aliyefika

Akanieleza. Mlinzi huandikiwa kosa akishindwa kufanya kile ambacho juhudi ya kawaida ingetosha: mpira unamponyoka, au anautupa ovyo. Ukimpita mbali bila kuufikia, kwa kawaida haandikiwi chochote. Mvivu wa kukimbia anabaki msafi!

Mzee akamleta Ozzie Smith, shotistopu wa 1978 hadi 1996, mwenye Gold Glove 13 mfululizo. Kwa hesabu ya makosa, Ozzie alifanikisha mipira kama 978 katika kila 1,000 iliyohesabiwa kuwa yake. Jeter? 976. Karibu sawa kabisa. Lakini tupa za Ozzie zilizosaidia kuwatoa wapinzani zilifika 8,375, rekodi ya nafasi hiyo.

Ndiyo maana miaka ya 1970 Bill James alishauri tuhesabu mipira ambayo mchezaji anaifikia, siyo ile inayomponyoka tu. Baadaye wataalamu wakaanza kuangalia kila mpira ulipigwa wapi, na mlinzi wa kawaida angeufikia au la. Kwa makadirio hayo, Ozzie aliiokolea timu alama zaidi ya 200 katika maisha yake ya uchezaji. Jeter aliigharimu zaidi ya 200. Na msimu mmoja hautoshi kumhukumu mtu. Lazima utazame miaka.

Hata hivyo Jeter ni mkubwa. Mwaka 2020 alipata kura 396 kati ya 397 za kuingia Ukumbi wa Heshima, kwa sababu ya fimbo yake.

Na mimi je?

Nikarudi nyumbani nimepata maneno. "Baba Neema, kosa huna. Lakini kliniki hukwenda, shule huijui, mama yangu alipougua hukupiga simu. Mipira inapita, wewe umesimama."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, taratibu: "Unakumbuka Neema alipozaliwa? Nilimfunga nepi, ukaifungua ukaifunga upya. Nikapika uji, ukaumwaga. Ukampigia dada yako, mkanicheka. Nikaona bora nikae pembeni."

Jamani! Nilikuwa nakumbuka. Kila alipoukimbilia mpira, mimi nilikuwa mwandishi wa makosa, kalamu mkononi. Alipokaa kimya sikuandika kitu. Basi akajifunza kukaa kimya.

Tukakubaliana mambo mawili. Yeye atakimbilia. Mimi nitafunga daftari.

Jumamosi iliyofuata alimsuka Neema. Nywele zilikwenda kila upande, mtoto akaenda nazo kanisani hivyohivyo. Ulimi uliniwasha, nikaung'ata. Wiki ya tatu alikwenda mwenyewe kuonana na mwalimu, akakosea siku, akarudi tena kesho yake. Huyo sasa ana makosa mengi kuliko miaka saba yote, na mimi nalala usingizi.

Wewe unayesoma, kabla hujamsifu au kumlaumu mwenzio kwa makosa, jiulize: anafikia mipira mingapi? Na akiikimbilia, anakuta makofi au kalamu?