Jiko la Kubeba Safarini: Uliza Kwanza Utawasha Nini

Mada: Kuchagua jiko dogo na kitu cha kuwashia kwa familia inayohama au kusafiri
Mahali: Minago, Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika
Sauti: Mtangazaji wa kwanza, Mtangazaji wa pili, Mama, Fundi wa majiko

MUZIKI WA KIPINDI. UNASHUSHWA TARATIBU.

MTANGAZAJI 1: Salamu kwako uliye Musenyi, Bwagiriza, Kavumu, Musasa, Kinama na Nyankanda, na kwa ndugu zetu walio ng'ambo ya mpaka, Nyarugusu. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila familia hukitafuta siku ileile inapofika mahali pageni: jiko.

MTANGAZAJI 2: Na tunalizungumzia tukiwa Minago, kwenye barabara ya kandokando ya ziwa inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Dada, hapa kupika safarini ni jambo la kila siku. Kuna wavuvi wa ndagala wanaokesha ziwani na kupika ufukweni asubuhi. Kuna wachuuzi wa mawese wanaongoja gari. Na kuna familia zilizovuka maji kutoka upande wa Fizi na Uvira, zikiwa na sufuria moja na watoto watatu.

MTANGAZAJI 1: Wazee wa hapa wanaijua safari hiyo. Mwaka 1972 wengi wa Rumonge walivuka ziwa hilihili kwenda Kongo na Kigoma. Mwaka 2025 zamu ilikuwa ya watu wa Kivu Kusini kuja Burundi, na wengi wao wakapelekwa Musenyi, mbali na ziwa.

MTANGAZAJI 2: Jambo moja tunataka ulishike leo: usianze kwa kuchagua jiko. Anza kwa kuuliza, huko niendako nitapata nini cha kuwasha? Jiko zuri lisilo na cha kuwasha ni mzigo tu.

SAUTI YA MAWIMBI NA WATU SOKONI. INASHUKA.

MTANGAZAJI 1: Tuingie sokoni. Mama mmoja amekuja kwa fundi wa majiko. Kesho kutwa anasafiri na familia yake kwenda kambini. Tusikilize igizo letu.

MAMA: Hodi fundi. Habari za kazi?

FUNDI: Nzuri mama, karibu. Unatafuta mbabula?

MAMA: Ndiyo, baba. Ile ndogo ya bati. Nasikia ni nyepesi.

FUNDI: Ni nyepesi kweli, na bei yake ni ndogo. Lakini niambie kwanza, mnaenda wapi, na huko mnapikia nini?

MAMA: Kambini. Wenzangu waliotangulia wanasema kuna wakati wanapewa briketi, na zikiisha wananunua makala kidogokidogo.

FUNDI: Sufuria yako ina ukubwa gani?

MAMA: Kubwa. Sisi tuko saba.

FUNDI: Basi mama, hiyo ndogo ya bati itakusumbua. Sufuria kubwa juu ya jiko dogo inayumba, na mtoto akipita mbio, uji unamwagika juu yake. Tena bati tupu linapoteza moto pembeni. Weka mkono karibu, utausikia. Tazama hili lenye udongo ndani. Udongo unashika joto likae chini ya sufuria.

MAMA: Lakini ni zito, na bei imepanda.

FUNDI: Bei ni ya siku moja, makala ni ya kila siku. Tuseme la bati linakula makopo manne kwa siku, na hili linakula matatu. Kila siku unabakiza kopo moja. Hesabu siku ngapi mpaka makopo hayo yalipe tofauti ya bei. Ikiwa ni mwezi au miwili, na wewe utakaa mwaka, chukua hili. Ikiwa unasafiri siku tatu tu, la bati linatosha.

MAMA: Nitajuaje kwamba udongo wake hauna ufa?

FUNDI: Gonga taratibu kwa kidole. Udongo mzima unalia vizuri, wenye ufa unalia kama chungu kibovu. Funga na fungua mlango wa chini, uone kama unateleza. Weka sufuria yako mwenyewe juu, ujaze maji, uisukume kidogo. Isipokaa sawa hapa dukani, haitakaa sawa kwako.

MUZIKI MFUPI

MTANGAZAJI 2: Fundi huyo ameuliza maswali yanayofaa kuulizwa kabla ya kutoa pesa. La kwanza: huko nitapata nini cha kuwasha, tena kila wiki? La pili: nitapikia wapi, uwanjani au penye paa? La tatu: nitalibeba vipi, kichwani, kwenye mtumbwi au kwenye lori? La nne: sufuria yangu inakaa juu yake?

MTANGAZAJI 1: Sasa tupitie vitu vya kuwasha, kimoja baada ya kingine. Tuanze na kuni. Mafiga matatu huna haja ya kuyabeba, mawe yako kila mahali. Lakini upepo wa ziwa unapeperusha moto, na hasa kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huwa mkali hapa. Kuni nyingi zinaungua bila kufika kwenye sufuria.

MTANGAZAJI 2: Jiko linalookoa kuni lina njia ya moto iliyopinda kama kiwiko: kuni zinaingia pembeni, moto unapanda kwenye bomba fupi na kugonga sufuria. Linataka vijiti vyembamba vilivyokauka, si magogo. Uzuri wake ni kwamba vijiti hivyo hupatikana bila kukata mti.

MTANGAZAJI 1: Na hilo la kukata mti ni zito, kaka. Hapa Rumonge kuna misitu inayolindwa na sheria: Kigwena, Vyanda na msitu wa Rumonge. Anayekata kuni humo anaingia matatani, na ugomvi kati ya wageni na wenyeji mara nyingi huanzia kwenye kuni. Tena wanawake na wasichana wanaokwenda mbali kutafuta kuni hukutana na hatari njiani. Kwenu mkienda, nendeni kwa kundi, mchana, na mkiwa mmewauliza wenyeji mahali panaporuhusiwa.

MTANGAZAJI 2: Rumonge ni nchi ya michikichi pia. Wakamuaji wa mawese huwasha nyuzi na maganda magumu ya kokwa yanayobaki. Yana moto mkali, lakini yana moshi mzito wenye mafuta. Yafaa uwanjani tu.

MTANGAZAJI 1: Mkaa, yaani makala. Ni mwepesi kubeba na hauna moshi mwingi, ndiyo maana watu wa safari wanaupenda. Jiko la bati lenye udongo ndani lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo mafundi wa nchi nyingi za Afrika wanaliiga. Adui wake ni mawili: kuanguka, na maji ya baridi likiwa bado la moto. Yote mawili yanapasua udongo.

MTANGAZAJI 2: Briketi zinachelewa kuwaka, lakini zikishika zinadumu. Zianzishe kwa vijiti au vipande vichache vya mkaa. Zikilowa, zinabomoka zikawa tope. Safarini zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya mzigo, si chini ya mtumbwi ambako maji yanakusanyika.

MTANGAZAJI 1: Gesi inapika haraka na haina masizi. Huko Bangladesh, wakimbizi wa Rohingya walianza kupewa mitungi ya gesi mwaka 2018, na haja ya kwenda msituni kutafuta kuni ikapungua sana. Lakini huko wanapelekewa mitungi iliyojaa. Kabla hujanunua, uliza: ukiisha, nitaujaza wapi? Na ukisikia mtungi wa kilo 6, kilo hizo ni za gesi peke yake. Chuma kina uzito wake juu ya hapo.

MTANGAZAJI 2: Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na kujaa kwenye tumbo la mtumbwi au sakafu ya nyumba, ikingoja cheche. Ukisikia harufu yake, usiwashe kitu chochote. Funga mtungi, toa watu, fungua milango.

MTANGAZAJI 1: Na sasa mafuta ya taa. Hapa sikiliza vizuri sana, msikilizaji, kwa maana jina linaweza kuua. Burundi na Kongo, wengi wakisema "peteroli" wanataka mafuta ya taa, na mafuta ya gari wanayaita "esansi". Tanzania na Kenya, "petroli" ni hayohayo mafuta ya gari! Mtu aliyetoka Uvira akifika Kigoma na kuomba peteroli ya jiko, anaweza kupewa esansi.

MTANGAZAJI 2: Na esansi kwenye jiko la mafuta ya taa inalipuka.

MTANGAZAJI 1: Kwa hiyo popote uendapo, sema "mafuta ya taa, ya kupikia". Usinunue kwenye chupa usiyojua ilikuwa na nini. Usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka au likiwa bado la moto. Na usiyaweke kwenye chupa ya maji au ya soda, mtoto atakunywa. Akinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya.

MUZIKI MFUPI

MTANGAZAJI 2: Tufike kwenye hatari isiyoonekana. Mvua inanyesha usiku, watoto wanatetemeka, mama anaingiza mbabula yenye makaa mekundu ndani ya hema na kufunga mlango. Hakuna moshi, hivyo anaona ni salama.

MTANGAZAJI 1: Si salama hata kidogo. Mkaa na briketi zinapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inamfanya mtu aumwe kichwa, asikie kizunguzungu na kichefuchefu, viungo vilegee, kisha asinzie. Aliyelala huenda asiamke. Ikiwa watu wawili au watatu ndani ya hema moja wanaumwa kichwa pamoja, usidhani ni malaria. Toka nje nao mara moja, kwenye hewa safi, kisha nenda kituo cha afya.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo jiko linakaa nje, mbali na turubai, mahali ambapo upepo hautupi cheche kwenye nyumba. Mvua ikinyesha, pikia chini ya paa lililo wazi pembeni. Baridi ya usiku tunaikabili kwa blanketi na nguo kavu, si kwa mbabula.

MTANGAZAJI 1: Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, unga wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke kwa daktari.

MTANGAZAJI 2: Siku ya kuondoka, zima moto mapema. Kaa lenye jivu juu linaonekana limekufa, na ndani bado linaishi. Ndani ya lori au mtumbwi, upepo unaliamsha tena. Funga mlango wa jiko, funika kwa mchanga mkavu, ungoja mpaka uweze kushika bati kwa mkono. Kiberiti kitie ndani ya chupa yenye kifuniko. Ukiwa na gesi au mafuta ya taa, waulize wanaopanga safari kabla ya kupakia.

MTANGAZAJI 1: Tumalize na njia za kufanya mkaa mdogo utoshe. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji yake. Funika sufuria. Kata muhogo vipande vidogo. Upepo ukiwa mwingi, geuza mlango wa jiko uelekee kwingine, la sivyo mkaa wako utaisha kabla ya chakula kuiva.

MTANGAZAJI 2: Na ujue hili: kambi za vilimani ziko juu kuliko ziwa. Huko maji huchemka kwa joto pungufu kidogo, hivyo maharagwe yanachukua muda zaidi kuliko hapa Minago. Usidhani jiko limeharibika.

MTANGAZAJI 1: Kuna pia kikapu cha kuivishia. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nguvu nusu saa nzima. Kisha toa sufuria ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kikapu chenye majani makavu ya migomba au nguo nyingi, funika kabisa. Baada ya saa chache, mengi yatakuwa yamelainika bila mkaa wowote. Yachemshe tena kidogo, mle. Lakini ile nusu saa ya kwanza usiipunguze, maana maharagwe ambayo hayakuchemka vizuri yanaumiza tumbo.

MTANGAZAJI 2: Kwa ufupi, msikilizaji: kwanza uliza utawasha nini, ndipo uchague jiko. Pima sufuria yako juu yake kabla ya kulipa. Sema "mafuta ya taa", usiseme "peteroli". Na mbabula isilale ndani na watu.

MTANGAZAJI 1: Mpelekee habari hii jirani aliyefika jana.

MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNAISHA.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Hapa tulipo, ni kitu gani cha kuwasha kinachopatikana kila wiki, na ni jiko lipi linalokifaa?
2. Familia zinazopikia ndani wakati wa mvua zinahitaji nini ili zipikie nje? Je, nyumba tatu au nne zinaweza kujenga paa moja la pamoja?
3. Katika lugha zetu, mafuta ya taa na mafuta ya gari tunayaitaje? Nani kati yetu aliwahi kupewa yasiyo yake?
4. Tufanye nini pamoja na wenyeji ili kuni zisiwe chanzo cha ugomvi?